Usimwambie Msimamizi

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo huko? Bado wanakuweka kwenye chumba cha pasi mpaka jasho likuchuruzike? Mimi sijambo. Mkono wa kulia ndio uleule, umelala tangu nilipopooza, na huu wa kushoto unaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Utanivumilia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mwanamke mwenzangu wa chumbani hapa kwenye makao ya wasiojiweza. Tunamwita Kicheko. Ana miaka arobaini na kitu, hasemi, lakini ukimsalimia anacheka hadi machozi yanamtoka. Hawezi kujigeuza kitandani. Anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Wiki hii anageuzwa asubuhi na jioni, basi. Anashinda kwenye shuka lililolowa, na mgongoni ana kidonda ambacho kidole kinazama ndani yake. Akilia, mhudumu anamfunga mkono kwenye chuma cha kitanda, eti asijikwaruze. Nilibonyeza kengele kumwitia mtu. Kesho yake kengele ikang'olewa ukutani.

Nenda ofisi ya ustawi wa jamii, uwaambie waje wenyewe bila kutoa taarifa. Nakuomba kitu kimoja tu: usimwambie msimamizi. Mama huyu ana maneno matamu, na mlango ukifungwa sisi ndio tunaobaki naye.

Shangazi yako

17 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka na nguvu. Mimi mzima, ila kazi imezidi. Shuka za hoteli nzima zinapita mikononi mwangu.

Usinikasirikie. Nimempigia msimamizi. Niliona kukimbilia serikalini kabla ya kumsikiliza mtu si uungwana. Nilimsomea barua yako, akanisikiliza vizuri sana. Anasema mwenzio ana ngozi nyepesi, kidonda kinasafishwa kila siku, na kengele iko kwa fundi. Akaongeza kwamba wewe bado hujazoea, unawasemasema wahudumu. Nikacheka, maana mdomo wako naujua.

Tulihangaika miaka miwili kukupatia nafasi hapo. Kukuhudumia mwenyewe, kwa kazi hii, siwezi. Jitahidi kuelewana nao, tafadhali.

Mwanao uliyemlea

1 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Naandika harakaharaka, mfagiaji amekubali kunipelekea posta.

Barua yako nimeipata ikiwa imeshafunguliwa. Msimamizi aliniletea mwenyewe, akaketi kitandani pangu, akasema, "Kumbe hapa tuna mwandishi, na sisi hatuna habari!" Siku hiyohiyo kiti changu cha magurudumu kikachukuliwa, eti matairi yameisha. Leo ni siku ya kumi na moja sijashuka kitandani. Nyonga yangu nayo imeanza kuchubuka.

Kicheko wamemhamishia chumba cha mwisho, kile kilichokuwa stoo, eti nisimsumbue. Mchana namsikia akigonga ukuta kwa mkono ambao haukufungwa. Kucheka, sijamsikia tena. Mfagiaji anasema sahani inawekwa mezani, kisha inaondolewa vilevile ilivyokuja. Hawezi kujilisha, mwanangu.

Fanya nililokuomba.

Shangazi

12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Sijui nianzie wapi.

Leo asubuhi nimekwenda ustawi. Afisa, mama mmoja mtu mzima, alisoma barua zako zote mbili, akauliza, "Huyo msimamizi alijuaje kwamba shangazi yako ameandika?" Nikamwambia ni mimi. Akaliandika. Ameahidi kuwapelekea wenzake wa huko kwenu. Nimeomba ruhusa kazini nije. Bosi amekataa, eti hoteli imejaa.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao

4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tatu kimya. Nikipiga simu hapo inapokelewa, nasikia mtu anapumua, inakatwa. Nimerudi kwa afisa mara nne. Mara ya mwisho nilikaa sakafuni mlangoni kwake mpaka akampigia mkubwa wake mbele yangu. Wamesema watakwenda wiki hii.

Kama unaisoma hii, wako njiani. Mwambie na Kicheko. Na unisamehe, shangazi. Nilimwamini mtu nisiyemjua, nikakuacha wewe ninayekujua.

Mwanao

21 Mei

Mwanangu,

Salamu kutoka wodini. Naendelea vizuri kiasi. Nageuzwa kwa saa, na muuguzi analalamika kuwa nakula kuliko wanaume wa wodi ya pili. Barua zako mbili za mwisho nimezipata juzi. Zilikutwa kwenye droo ya msimamizi.

Walikuja Jumanne, saa nne asubuhi, maafisa watatu na askari mmoja wa kike. Afisa akaniinamia, "Mama, usiogope, sema." Nikamjibu, "Mtoeni huyu kwanza." Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu. Wakamtoa. Nikasema mpaka koo likakauka. Mhudumu naye akalia, akasema wako wawili kwa watu kumi na tisa, na aliyelalamika kabla yake alifukuzwa. Huenda ni kweli. Lakini mafundo aliyafunga yeye.

Kicheko hawakumkuta. Alifariki Ijumaa kabla hawajafika. Kitabuni waliandika homa. Mimi nilikuwa nimeacha kumsikia akigonga tangu Alhamisi. Nikadhani wamemgeuza, amepata usingizi. Nikamshukuru Mungu.

Nyumba imefungwa, wenzangu wamehamishwa, msimamizi yuko mikononi mwa polisi. Anadai hakuwahi kuambiwa kuhusu kidonda.

Unaniomba msamaha. Nimekulea na nakupenda, hilo halina mjadala. Lakini nikitaka kutamka neno hilo, linanikwama.

Polisi wanahitaji maelezo yako: ulimsomea nini kwenye simu, siku gani, naye alijibu nini. Wewe ndiye shahidi kwamba alijua tangu Machi. Bosi akikataa tena, mwachie pasi yake. Njoo ukaseme yote, na kwamba nilikukataza, na kwamba ulicheka. Mimi nitakuwa nimekaa karibu yako.

Ukishatia saini, niombe tena.

Shangazi yako