Kalamu ya Jenerali

Jumatatu, 2 Juni
Nimefuta vumbi ngao zote kabla ya kufungua duka. Ngao za shaba wanazopewa wakubwa wa jeshi wakiagwa vikosini. Vikombe vya chai vyenye nembo. Picha zenye sahihi zao. Nguo za jeshi sigusi, sheria haina mchezo. Majirani hapa Mabatini sebule yangu wanaiita kambi. Waite tu.

Makoye wa Buswelu, mkusanyaji mwenzangu, katuma picha. Kapata saa ya mezani ya mkuu wa brigedi mstaafu. Bado inatembea! Nimemjibu, "Hongera sana ndugu yangu." Uongo mtupu. Siku nzima imetumbukia nyongo.

Jumatano, 4 Juni
Nimeitoa tena kadi yenye sahihi ya Jenerali wa Butimba, aliyefariki mwaka jana, Mungu amlaze pema. Niliinunua kwa mtu. Wino wa kijani. Alitumia kalamu moja maisha yake yote, nyeusi, kifuniko cha dhahabu. Katika kila picha yake iko kwenye mfuko wa shati. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Nikiipata hiyo, Makoye abaki na saa yake. Sijathubutu kumwomba mjane.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekutana na Makoye sokoni, kwa wauza samaki. Kacheka kabla ya kunisalimia, kama kawaida yake. "Mama Jenerali kanipigia simu. Jumamosi ya wiki ijayo ni kalamu ya Mzee. Msimamizi mimi. Kwani wewe hujaambiwa?"

Sijaambiwa. Nikasema nina haraka. Sato wangu nimemwacha mezani pale pale.

Kwa nini yeye? Ana nini cha ajabu? Ana duka la dawa na meno meupe, basi.

Ijumaa, 6 Juni
Namchukia. Naandika wazi. Namchukia kicheko chake, na bahati yake, na watu wanavyompenda bila sababu. Mke wangu kasema, "Baba Neema, wivu utakuua." Nimemwambia huu si wivu, ni haki.

Ni wivu.

Jumapili, 8 Juni
Kutoka kanisani nimekwenda Butimba mwenyewe. Mama Jenerali alikuwa barazani anapepeta mchele. Shikamoo Mama. Marahaba mwanangu. Nikajikaza. Nikamwambia nimesikia habari ya kalamu ya Mzee, na namwomba asimwachie Makoye peke yake. Na mimi nimo, tena zaidi yake.

Akanishangaa. "Lakini Makoye ameshatoa ng'ombe, mwanangu."

Ng'ombe! Kwa kalamu! Huyu Msukuma anaoa au? Damu ikanipanda. Nikausikia mdomo wangu unasema, "Mimi natoa wawili."

Mama akapiga vigelegele. Majirani wakatoka nje. Kanishika kichwa kaniombea baraka mpaka nikaona haya. Nimeshinda. Makoye, kaa hapo.

Jumatatu, 9 Juni
Makoye kapiga simu kunipongeza. Kunipongeza! "Ng'ombe watatu, ndugu yangu! Watu watakula mpaka wasaze. Hiyo kalamu itasimuliwa Butimba nzima."

Watakula.

Nimekaa kwenye kiti cha wateja. Karamu. Ni karamu! Wali na nyama, kumkumbuka Mzee akitimiza mwaka. Makoye R humteleza ikawa L, tangu namfahamu. Na mimi Mjita nikipandwa na hasira L yangu inageuka R, kwa hiyo nilivyoomba kalamu, mama wa watu kasikia karamu. Tumeelewana vizuri kabisa, kila mtu na lake.

Kurudi nyuma siwezi. Ahadi ni deni, na hii ina vigelegele juu yake.

Alhamisi, 12 Juni
Ng'ombe wawili si kuku. Duka haliwezi. Nimeuza ngao, vikombe, picha, na kadi. Mwanza nzima mnunuzi wa vitu hivi ni mmoja tu. Kaja na gari, kafunga kila kitu kwenye blanketi taratibu. Kalipa nilichotaja, hakuomba apunguziwe. Angenipunja ningepata la kusema.

Mke wangu kachukua ufagio, kafagia vumbi la ngao. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 14 Juni
Karamu imefana. Nimekalishwa meza ya mbele, watu wananipa mkono mmoja mmoja. Makoye alikuwa huku na huku na sahani, jasho linamtoka, anacheka na kila mtu.

Baada ya kula nikamsogelea Mama. Nikatamka polepole, herufi moja moja. Kalamu. Ya kuandikia. Ya Mzee. Iko wapi?

"Si tulimzika nayo mfukoni? Makoye ndiye aliyemvalisha lile shati."

Hata hapo nimemwonea wivu. Mtu mzima mimi, naona wivu kwa aliyemvalisha marehemu.

Jumanne, 17 Juni
Mvua kidogo asubuhi. Ukuta una misumari mitupu. Makoye kapita jioni, hakuleta neno la ngao, nami sikuuliza. Mke wangu kaweka chai.

Nimemuuliza Mzee alikuwa mtu wa namna gani. Nilimwona mara chache tu, kwa mbali, kwenye sherehe. Makoye alikuwa akienda kumchoma sindano kila siku, mwaka wake wa mwisho. Kasimulia. Mzee aliogopa sindano, jenerali mzima, akawa anaimba kwa sauti ili asiisikie. Alidanganya kwenye bao. Alimwita Makoye "daktari" mbele za watu ili wamheshimu. Makoye akacheka, halafu akafuta macho kwa kiganja.

Nilitaka na mimi nitie langu moja. Sikuwa nalo. Nikammiminia chai nyingine ili aendelee.