Nani Amezigusa Gia Zangu?

Kwako Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe pamoja na watoto. Goti lako linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua imelituliza, na sasa unapanda ngazi bila kumtukana aliyezijenga. Sisi huku ni wazima, mke wangu anakusalimu. Mumeo sijamsahau kwenye salamu. Nitamfikia, na nikimfikia utajua kwa nini barua hii ni ndefu.

Mama ameniambia kwamba shemeji ameshinda nyumbani wiki ya tatu sasa, hasemi kwa nini aliacha kazi karakana, na kwamba wewe umeanza kupekua mifuko ya suruali zake. Acha kwanza kupekua. Kaa chini usome, maana jambo lenyewe nalijua mwanzo hadi mwisho.

Karakana yetu unaijua. Tajiri hukaa mlangoni na redio yake, mumeo hunyoosha rimu na kufunga breki, mimi ni wa gia. Kazi ya gia nilifundishwa kwa sikio. Unaipandisha baiskeli kwenye stendi, unazungusha pedali kwa mkono, unabadilisha gia moja moja huku ukiisikiliza cheni. Ikikwaruza, unakizungusha kidogo tu kile kinati cha kukazia waya, unasikiliza tena, mpaka inyamaze. Mafundi wengine hupima kwa macho. Mimi nilikuwa nikifumba macho kabisa. Wateja walipenda kunitazama, nami, nisiwe mnafiki, nilipenda kutazamwa.

Miezi mitatu iliyopita nilifika asubuhi nikakuta baiskeli ya muuza mikate, niliyoimaliza jana yake, imeguswa. Kinati nilikiacha kimekazwa hadi mwisho, nikakikuta kimefunguliwa mizunguko miwili. Machale yakanicheza. Aliyekuwa na ufunguo wa mlango alikuwa mmoja tu, mumeo.

Nikaanza kumchunguza. Nikaona hatoki kula ninapotoka mimi. Nikaona amekuwa mwema kupita kiasi, ananiletea chai nisiyoiomba, ananishika bega kabla ya kusema neno. Tena akaanza kunipazia sauti mbele ya wateja kana kwamba amenizaa. Siku moja akanishauri nikasafishwe masikio, nikamjibu akasafishe kwanza mdomo wake. Kwangu ilikuwa wazi kwamba analitaka benchi langu. Hata mke wangu, ambaye naye alianza kunipayukia nyumbani, nilimhesabu kuwa amekula njama na mumeo.

Basi nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, ile nyekundu. Kila nilipomaliza baiskeli nilitia tone dogo pale kinati kinapokutana na chuma, ili kikizungushwa, rangi ipasuke. Ujanja huo nusura univunjie nyumba, maana mke wangu alinusa vidole vyangu akataka kujua ni kucha za nani ninazozipaka. Lakini mtego ulinasa. Katika baiskeli sita, nne zilipasuka rangi ndani ya siku mbili.

Sikulaza damu. Nilimwendea Tajiri mchana kweupe, wateja wamejaa, nikamwambia kwamba shemeji yangu anaharibu kazi zangu ili nionekane sijui kitu. Tajiri akamuuliza kama ni yeye anayezigusa zile gia. Akakubali. Akaulizwa kwa nini. Mumeo alifuta mikono kwa kitambaa, akakitundika msumarini. Tajiri akamwamuru akusanye spana zake aende zake. Mimi nilirudi kwenye benchi langu nikipiga mluzi.

Dada, haikupita wiki baiskeli zikaanza kurudi. Muuza mikate alilalamika kwamba gia zinaruka. Nesi wa zahanati ya mtaani, cheni yake iliangukia kwenye spoku akiwa kwenye mteremko, akachubuka viwiko vyote viwili. Unadhani nilijiuliza? Wapi! Nilisema mumeo anaingia kupitia dirishani. Nikabadilisha kufuli, nikapigilia mbao dirishani, tukabaki tunafanya kazi gizani na joto kama la tanuri.

Nesi aliporudi nilimpandishia baiskeli yake kwenye stendi mbele ya macho yake, nikaitengeneza upya, nikazungusha pedali, nikamwambia asikilize, ni kimya. Akanikodolea macho. Akasema cheni inapiga kelele kama misumari ndani ya kopo. Nikamwuliza ametumwa na nani. Hakukasirika. Alinisogelea, akasugua vidole vyake karibu na sikio langu la kushoto, akaniuliza nasikia nini. Sikusikia kitu. Akahamia la kulia. Nikasikia kwa mbali sana.

Alhamisi nilikwenda kupimwa. La kushoto limekwisha, la kulia limepoteza sauti zote nyembamba, na sauti ya cheni ni nyembamba. Nesi ndipo akaniambia yote. Kumbe mumeo alimfuata zamani kumwuliza fundi asiyeisikia cheni atasaidiwaje, akamsihi asimwambie mtu, maana Tajiri akijua atanifukuza. Dada, zile gia alikuwa akizirekebisha ili watu wasiumie na mimi nisiaibike. Alipoulizwa mbele ya watu, akakubali kufukuzwa yeye.

Sasa nikwambie lililo baya zaidi, ambalo hata nesi halijui. Mama alipokuja kuniuliza kama shemeji ameiba kitu karakana, nilimsikia vizuri sana. Nilijua hajaiba. Nikanyamaza, nikainamia kazi yangu, nikamwacha aondoke na jibu hilo akuletee wewe. Ile mifuko unayoipekua, mimi ndiye niliyekutuma. Naona aibu, Dada, na sina wa kumsingizia.

Jana nimemweleza Tajiri kila kitu, na Mama nimemwambia pia. Tajiri alizima redio, jambo ambalo sijawahi kuliona. Amesema mumeo arudi Jumatatu, na mimi atanitazama kwa mwezi mmoja kama nitaweza kujifunza kupima kwa macho. Atakayenifundisha, kama atakubali, ni yeye mumeo. Mimi mwenyewe sina uso wa kumwomba. Ndiyo maana naandika kwako.

Mpe barua hii aisome mwenyewe, asisomewe. Watoto wabusu kwa niaba yangu, na goti usilikunje kwa muda mrefu. Baiskeli ya nesi bado inaning'inia kwenye stendi, sijaigusa. Nimemwambia fundi wake atakuja Jumatatu. Naomba mumeo asiniache niwe mwongo mara ya pili.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,
Njiti