Rejeta na Chetezo

Jumamosi, 17 Januari
Joto la kompyuta nyuzi 91. Nimefungua dirisha, nimelifunga, yote sawa tu. Kompyuta inaunguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Kosa ni langu: nimeikaza ikimbie kuliko ilivyotengenezwa, kwa kuwa mpya siiwezi. Maji yanazunguka kwenye mipira, yanachukua joto la ndani na kulipeleka kwenye rejeta yenye feni, pale dirishani. Ndivyo inavyopaswa.

Filamu ya hoteli ya Nungwi, ninayoichora kwa kompyuta, inatakiwa Ijumaa. Hoteli yenyewe haijajengwa. Mwenyewe anataka aione kama anayetembea ndani yake. Nikichelewa, kazi zake zilizobaki atampa mtu wa Dar. Kaniambia bila haya. Nimechoka na wiki haijaanza.

Jumapili, 18 Januari
Nimemwaga maji ya zamani, nimetia maji ya betri mapya, yale yasiyo asidi. Saa nzima ya kutoa mapovu. Nyuzi 90. Kazi bure.

Jumanne, 20 Januari
Imezima yenyewe mara mbili. Ya pili nilikuwa nimefika ukumbi wa hoteli. Yote imepotea. Nimelia kidogo, halafu nikala ndizi.

Mama kapanda na chai. "Bado inaumwa?" Nikasema bado. Kakaa kwenye kitanda cha baba akiniangalia. Chumba kilikuwa cha baba. Alipofariki, mwaka wa juzi, nikakivamia kwa meza na nyaya. Kitanda Mama kakataa kisitolewe.

Jumatano, 21 Januari
Nimeipeleka rejeta Mlandege kwa Fundi Haji, anayezibua rejeta za magari. Kaigeuza, kapitisha ukucha kwenye mabati yake membamba, kaunusa. Kacheka. "Hii haikuziba kwa maji, dada. Imeziba kwa udi."

Masizi yamenata kama halua. Kila Alhamisi baada ya Magharibi Mama hufukiza chumba hiki kwa ajili ya baba. Udi wa kupika mwenyewe, kwa sukari na marashi. Feni zangu zimekuwa zikiuvuta miaka miwili. Na mimi siku zote nikiunusa, nisifikirie.

Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaza. Nikarudi mbio, nikamfokea. Mama yangu mzima. Nikamwambia chetezo kisiingie tena humu.

"Nshasikia, mwanangu."

Basi.

Alhamisi, 22 Januari
Nyuzi 68. Rejeta imesafishwa, filamu inakimbia. Ningefurahi.

Baada ya Magharibi nilimsikia Mama jikoni akichota makaa. Kisha akayarudisha. Hakupanda. Chumba kinanuka plastiki na jasho langu. Nina aibu.

Ijumaa, 23 Januari
Filamu imekwenda kabla ya sala. Mwenye hoteli kajibu neno moja, nzuri. Kazi zilizobaki ni zangu. Nimelala mpaka alasiri.

Mama kanipakulia pilau, kaniwekea na kachumbari. Habari ya chumba hakuigusa. Afadhali angenitukana. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kuosha vyombo.

Jumamosi, 24 Januari
Kwa Fundi Haji tena. Nimetaka mipira mirefu, itoke chumbani mpaka kwenye dirisha la ukumbini. Kaniona nina wazimu. Kuizima mashine kila Alhamisi siwezi. Kazi nyingine ikianza hukaa siku tatu. Na feni zote ziko kwenye rejeta, kasha lenyewe halina hata moja. Kwa hiyo rejeta ndiyo ihame, Mama abaki.

Kuta hizi za mawe hazitoboleki. Nimeipitisha mipira kwenye tundu la hewa juu ya mlango. Imevuja mara mbili. Mgongo umekufa.

Alhamisi, 29 Januari
Nyuzi 72. Safari ya maji imekuwa ndefu, pampu inanung'unika. Zimeongezeka nne. Nimeziacha.

Baada ya Magharibi nimewasha makaa mwenyewe, nikamkabidhi Mama chetezo mlangoni. Nikamwomba radhi. Kasema kanisamehe siku ile ile. Kaitazama mipira inayopanda ukutani. "Inakwenda wapi hii?"

"Nje, Mama. Ili wewe uingie."

Kaingia. Kakizungusha chetezo mara tatu juu ya kitanda cha baba. Halafu, bila kuniuliza, mara tatu juu ya kompyuta.

Chumba kinanukia.