Babu Yako Hakuhesabiwa

Sanduku la Posta 61,
Mbeya, Tanganyika.
14 Julai, 1957.

Mpendwa mwanangu Lutengano,

Ndaga, mwanangu. Kifua chako kimepona? Najua huko sasa ni kiangazi, ingawa uliandika kwamba kiangazi cha Uingereza ni kama alfajiri ya kwetu mwezi wa sita. Usivue koti kwa sababu Waingereza wamevua.

Sisi huku tu wazima. Kaka Anania, baba yako, yuko kwenye pareto kutwa. Goti la mama yako limetulia. Babu yako bado anagombana na kuku wa jirani, na wanaokimbia ni kuku. Mimi baba yako mdogo sijabadilika: naamka na magazeti, nalala na hasira.

Barua yako nimeipata. Unataka kuacha mafunzo ya takwimu uhamie sheria. Unasema mwanasheria hupigiwa makofi jukwaani, lakini wewe na wenzako wa Malaya mnafundishwa kuhesabu watu na mifugo kwa faida ya serikali za wengine. Kabla sijakujibu, sikia yaliyotokea nyumbani kwenu juma lililopita.

Mwezi ujao Waafrika wote wa Tanganyika watahesabiwa. Walimu kadhaa tuliitwa Iringa tufundishwe kusimamia makarani. Mkufunzi wetu, Mwingereza kijana na mpole, alitueleza kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na karani atamuuliza mtu mzima atakayemkuta nyumbani. Nikasimama. Nikasema mchana kwetu atamkuta mke, na mke wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake wala hatamki jina lake. Hata ubatizo haujaiondoa heshima hiyo. Mkiuliza hivyo, nikasema, wazee wetu watapotea.

Darasa likacheka. Kalinga, mwalimu wa Idodi, akasema kwa sauti, "Wanyakyusa ninyi! Hata namba mnataka zishike mila?"

"Njoo kwetu ujionee, Mhehe," nikamjibu, "ila pombe yenu ya ulanzi uiache kwenu."

Mkufunzi akasema maswali yale yalishajaribiwa na kufaa. Kwa hiyo ulipofika wakati wa mazoezi huku Mbeya, nilimpeleka mkufunzi pamoja na Kalinga moja kwa moja kwa kaka.

Tulimkuta mama yako peke yake. Kalinga akauliza, kwa adabu kabisa, nani wanakula chungu chake. Akamtaja baba yako, akamtaja dada yako Tupokigwe, akajitaja mwenyewe. Alikutaja hata wewe, mpaka akaambiwa walio ng'ambo hawaandikwi.

"Mwingine, mama?"

"Hakuna."

"Hakuna mzee?"

Mama yako akavuta khanga kichwani, akatazama chini. Kalinga akapiga mstari, amemaliza. Kando ya goti la mama yako ilikuwapo sahani ya babu yako, imefunikwa jani la mgomba, ndizi zikifuka mvuke. Mimi nikanyamaza. Unajua kwangu kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kulima.

Ndipo tukasikia kikohozi nyuma ya migomba, kule kwenye kibanda anachokaa babu yako tangu bibi yako afariki. Ni kikohozi kile cha kumpa mkwe nafasi ya kuondoka. Kabla hakijaisha, mama yako alikuwa ameshaingia ndani. Babu akatokea na fimbo yake.

"Mmemaliza kuhesabu?"

"Tumemaliza, mzee," akasema Kalinga.

"Na mimi mmenizika lini, mbona sikualikwa?"

Kalinga akauliza, "Mzee anakula wapi?"

"Hapo," babu akaelekeza fimbo kwenye sahani. "Huyo aliyekimbilia ndani ananilisha vizuri kuliko mama aliyenizaa."

Mwanangu, mama yako hakukusudia kudanganya. Alimheshimu mkwe wake mpaka akamfuta. Sasa piga hesabu ya milima yote hii, na wake wote wenye adabu kama yake, kisha uniambie serikali itaona wazee wangapi, na itajenga zahanati ngapi. Mwanasheria hutetea mtu anayejulikana yupo. Asiyehesabiwa, nani atamtetea?

Zubery, yule mwenye duka sokoni, aliniambia, "Waache wafutwe, Mwalimu. Aliyefutwa halipi kodi." Nikamwambia, "Zubery, wewe hulali bila kujua magunia yako, halafu unataka sisi tukabidhiwe nchi gizani?" Akacheka mpaka akanipimia sukari kupita kiasi.

Nchi hii itakuwa yetu, na siku hiyo haiko mbali. Wasemaji wa kujaza uwanja tunao. Mimi mwenyewe nipo. Anayehesabu ndiye anayegawa, na wa kuhesabu hatuna.

Mkufunzi, namsifu kwa hili, hakubisha tena. Palepale uani kwenu akabadilisha maagizo: karani aulize pia kama kuna mzee anayepikiwa lakini hatajwi, na jina aliulize kwa jirani. Kalinga akalijaribu swali kupitia ukutani. Sauti ya mama yako ikatoka ndani: "Yupo."

Mkufunzi akaniuliza nani atamwandikia maswali kama hayo kwa Wasafwa, kwa Wasangu, kwa Wabena. Nikamjibu, "Mtoto wa nyumba hii. Yuko kwenu, anasomea kazi hiyo."

"Anamaliza lini?"

"Mwakani," nikasema, na barua yako ya kuacha iko mfukoni mwa koti langu. Sikusema uongo, mwanangu. Nimekukatalia mapema tu.

Baba yako, mama yako na Tupokigwe wanakusalimu. Kalinga naye anakusalimu, na anasema Wanyakyusa bado ni wabishi. Mungu akulinde, akupe macho ya kumwona kila mtu.

Babu yako hakutumii salamu. Alipokwisha kuandikwa aliuliza hesabu nyingine itakuwa lini. Kalinga akasema labda baada ya miaka kumi. Babu akakaa akala ndizi zake, kisha akaniambia, "Mwandikie Lutengano. Hiyo ijayo nitahesabiwa na yeye. Namngoja, kwa hiyo asinichoshe."

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Sedekia