Waya Uliobaki Mfukoni

Mpendwa Shangazi Barbro,

Nasoma safu yako kila Jumamosi na sikudhani kwamba siku moja mimi ndiye nitakayekusumbua, lakini barafu imeshafunga ghuba yetu na sina mwingine wa kumwuliza, kwa hiyo naomba msaada wako kabla ya machipuko.

Mimi na jirani yangu Rune tunamiliki boti moja, nusu kwa nusu, tangu wake zetu wakiwa hai. Kila Oktoba, kreni ya klabu ikishapandisha boti nchi kavu, tunaiandaa kwa majira ya baridi, na kazi imegawanyika vilevile sikuzote: Rune anaingia kichwa chini kwenye chumba cha injini, mimi nashika taa na kumpa vifaa. Mashine sikuziamini kamwe. Nilivuka bahari hii nikiwa mtoto, mwaka arobaini na nne, tukikimbia vita kutoka Estonia kuja nchi hii, na injini ilitufia katikati ya safari, nadhani toka siku ile niliamua kwamba kazi yangu ni kutazama na kuomba. Rune hakunicheka. Alisema, "Basi wewe shika taa, Endel. Bila taa mimi ni kipofu."

Mshika taa naye hujifunza. Injini yetu inapozwa kwa maji ya bahari, na maji hayo yakibaki ndani yakaganda, chuma hupasuka. Ndiyo maana ubavuni mwake kuna vizibo vya kufungua ili maji yatoke, ila kutu na mchanga huziba tundu, hivyo kizibo kikifunguliwa na maji yasitoke, usidanganyike, chukua waya uchokonoe mpaka yamwagike. Kila mwaka Rune hunyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kusema, "Waya." Nami nampa. Halafu ule mguu wa propela unaoning'inia nyuma ya boti tunauacha umeshushwa, ili maji yaliyomo yatiririke yenyewe.

Mwaka huu hakuomba waya.

Alifungua kizibo, halikutoka hata tone, akasema, "Kavu kama koo la Bosse." Bosse ni fundi wa klabu, alikuwa amesimama chini na kikombe chake cha kahawa, akajibu, "Mzee, koo langu halijakauka tangu nibatizwe," watu wakacheka, na Rune akarudisha kizibo akakikaza. Kisha akauinua mguu juu kabisa, akaufunga kamba, akaupapasa kama mtu anavyompapasa farasi aliyefanya kazi vizuri. Waya ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeushika.

Sikusema kitu, kwa sababu hapa kwetu mtu hamsahihishi mwenzake juu ya boti yake mbele ya watu, unaweza kumwona anapaka rangi isiyofaa nawe ukanywa kahawa yako na kusifu hali ya hewa. Na pia kwa sababu tangu kiangazi nilikuwa nimeshaona mambo, ameniita kwa jina la kaka yake aliyekufa, nimemkuta amesimama gatini bila kujua alifuata nini, nikaogopa kwamba nikisema "Rune, waya," atanitazama asielewe, na kila mtu ataona. Na kuna jambo jingine, Shangazi. Karibu maisha yangu yote nimeishi nchi hii, nimesoma vitabu vyake, mke wangu amezikwa hapa, na bado nina tabia za mgeni: simsahihishi mtu nyumbani kwake.

Nikajiambia nitarudi kesho yake nimalize kazi kimyakimya. Kesho yake nilifika mpaka langoni mwa uwanja wa klabu, nikajiona kama mwizi anayekwenda kupekua kabati la rafiki yake, nikarudi nyumbani. Hali ya hewa ilikuwa ya upole, nikasema bado iko nafasi. Kabla wiki haijaisha baridi ikashuka ghafla, na nilipofunua turubai nikakuta barafu ya rangi ya kutu imejitokeza ubavuni mwa injini, kwenye ufa mwembamba kama unywele.

Rune hajui. Kila asubuhi ananiuliza siku ya kwanza barafu ikiyeyuka tutakwenda kisiwa gani, na anavitaja vyote kwa mpangilio, bila kukosea. Binti yake Gunnel alikuja kutoka mjini, akanivuta kando jikoni. "Mjomba Endel, niambie kweli, baba anasahau?"

"Anasahau kama sisi wote tunavyosahau."

"Mjomba, sikukuuliza habari zako."

Nikarudia kwamba baba yake hana neno. Gunnel anataka kuuza boti na kumtafutia baba yake nafasi katika nyumba ya wazee, na akijua habari za injini hatasubiri, na Rune bila boti sijui atabaki na nini. Nimewaza kusema kwamba mwaka huu ni mimi niliyeandaa injini, kosa ni langu. Nimewaza pia kumwomba Bosse atafute injini nyingine na kuibadilisha kabla ya Mei, mtu asijue. Lipi ni la kiungwana? Sipati usingizi, na kila nikivaa koti nakuta waya ule mfukoni.

Endel, Roslagen

*

Mpendwa Endel,

Kabla hujamaliza kusoma aya hii, nenda uwanjani ukaushushe ule mguu. Umenieleza kila kitu isipokuwa kwamba umeushusha, na nina hakika bado uko juu na barafu tumboni, kwa kuwa Rune ndiye aliyeufunga kamba. Ushushe, ili siku ya jua maji yapate njia. Jua likishauyeyusha vizuri, fungua kizibo cha chini uitazame oili yake: ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na Bosse aambiwe. Ufunguo wa injini usiuguse. Bosse ataipima kwa hewa na kukwambia kama ufa unazibika. Ufa ukishaonekana kwa macho, mimi nisingekuwa na matumaini makubwa.

Hiyo ni injini. Sasa wewe.

Pole, mzee wangu. Kumwona rafiki akipungua kidogo kidogo ni msiba usio na siku ya mazishi. Lakini umeniandikia "boti yake" na "nyumbani kwake", ilhali mwanzoni mwa barua yako boti ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo uliyokuwa ukiitazama ikiharibika ni injini yako. Ugeni wako uliisha zamani, Endel. Umeendelea kuuvaa kwa sababu una raha yake: mgeni halaumiwi kwa lolote. Wewe unaita hiyo heshima. Mimi naita woga, na nasema hivyo kwa upendo.

Usijisingizie. Mtu anayevitaja visiwa vyote kwa mpangilio bado ana asubuhi njema, na asubuhi mojawapo atakumbuka kwamba ni yeye aliyeingia kwenye chumba cha injini, nawe utakuwa unamwambia hapana. Kumbukumbu chache alizobaki nazo usimnyang'anye. Na hiyo injini ya siri iache. Klabu zenu nazijua; Bosse atanyamaza mpaka kikombe cha pili.

Chagua asubuhi njema umpeleke Rune kwenye boti, nyinyi wawili tu. Toa waya, umwekee kiganjani, na useme: "Mwaka huu hatukuutumia. Niliona, nikanyamaza. Injini yetu imepasuka." Sema "yetu". Huenda akafoka, huenda akalia, huenda akakuuliza tena baada ya dakika tano. Mjibu vilevile kila mara, bila kuchoka na bila kupamba.

Kisha mpigieni Gunnel simu, naye Rune akiwa ameketi kando yako. Aliyemdanganya ni wewe, kwa hiyo uanze wewe. Mwombe Gunnel kwamba baba yake aonwe na daktari kwanza, ndipo mambo ya nyumba ya wazee yazungumzwe. Yule binti ana haraka kwa sababu hakuna anayemwambia kweli. Akiambiwa, huenda akapunguza mwendo. Siwezi kukuahidi kwamba boti itabaki. Lakini ikiuzwa, Rune auze akijua, mkono wake ukiwa kwenye karatasi pamoja na wako.

Na ikibaki, Oktoba ijayo wewe ndiye utakayeingia kichwa chini. Kazi unaijua, umeieleza hapa vizuri kuliko fundi wangu. Rune mpe taa na waya, asimame nyuma yako. Utakapofika kwenye kizibo, nyoosha mkono bila kugeuka, useme, "Waya." Mpe muda. Asipoelewa, geuka uuchukue mwenyewe, na umshukuru kwa mwanga.

Shangazi Barbro