Spika za Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Nimefuta padi zote za gemu kwa spiriti kabla ya kufungua kibanda. Zinanuka dagaa. Wapakiaji wakitoka mwaloni kupakia samaki hawanawi mikono, wanakaa na kushika hivyo hivyo. Umeme umerudi karibu saa sita. Asubuhi nzima hasara.

Magesa alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Mume wangu haoni pembeni tena. Presha ya macho imemla taratibu, amebakiwa na katikati tu, padogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Lakini kwenye gemu ya vita hakuna wa kumtoa. Zile spika tano alizifunga ukutani mwenyewe, enzi akiwa fundi redio na macho yake mazima: tatu mbele, mbili nyuma, zote zinatoka kwenye sabufa iliyo chini ya meza. Adui akimnyemelea ndani ya gemu, hatua zinasikika nyuma kushoto. Anageuka, anapiga. Wageni wanadhani tunawafanyia kiini macho.

Sheria ya kibanda ni ile ile ya kila mahali. Anayefungwa analipa na anainuka. Anayeshinda anabaki kitini. Sikumbuki Magesa aliinuka lini.

Mashine yake sasa inanguruma na kuchemka. Leo imejizima katikati ya mchezo, watu wakadai hela zao.

Alhamisi, 6 Machi

Benchi tupu. Kuna kibanda kipya hapa hapa Igogo, jirani na barabara, kina mashine mpya na gemu ya mpira ya msimu huu. Kwetu wachezaji bado wamo kwenye timu walizokwisha kuzihama. Doto, mpakia samaki, mteja wetu wa siku zote, kanipa ukweli usoni: "Shemeji, tunakupenda, ila gemu zako zimechoka."

Nimekasirika kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Mirongo, kwa muuza mashine. Nimemuuliza tundu la waya wa mwanga liko wapi, ule unaopeleka sauti kwenye sabufa yetu. Akageuza mashine mpya anionyeshe mgongo wake. Hakuna tundu. Anasema watengenezaji wameliondoa. Kila tundu lina gharama, na watu wengi wanasikiliza kwenye TV au kwenye hedifoni, basi kwa nini wahangaike na wachache. Sauti ya pande zote bado imo, ila inapita kwenye waya wa HDMI, ule wa TV, peke yake. Sabufa yetu ni ya zamani, haina pa kuuchomeka. Nikitaka spika zote tano zilie, ninunue sabufa mpya. Bei yake inalingana na mashine nzima.

Kwa hiyo ni mashine mbili bila spika za nyuma, au mashine moja na sabufa. Mbili zinalipa kodi na dawa ya macho. Moja na sabufa inamwacha Magesa kitini. Nimeyaandika ili nione kama nitaona aibu. Naona.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechukua mbili. Zile kuukuu zimekwenda humo humo, kupunguza bei.

Sikumwambia Magesa habari ya tundu. Nilimwambia tunabadilisha mashine tu. Akafurahi. Akauliza kama sauti ya hizi mpya ni safi zaidi. Nikasema ndiyo. Muuzaji kanipa kiboksi cha bei rahisi cha kuunganishia sabufa, anadhani kitasaidia kidogo. Nimeamua kumwamini kwa sababu inanifaa kumwamini.

Jumatano, 12 Machi

Kibanda kimejaa tangu asubuhi. Vurugu tupu, raha.

Kiboksi kinatoa sauti mbele kushoto na mbele kulia, basi. Magesa aligundua kabla hata ya kuanza kucheza. Akainuka, akapapasa ukuta wa nyuma, akaweka sikio kwenye spika. Akaigonga kwa kidole. Akaufuata waya kwa mkono mpaka chini ya meza, akarudi nao, akafungua skrubu, akakaza upya. Alidhani waya umekatika. Jasho lilimtoka, na mimi nimesimama pale, najua, nimefunga mdomo. Watu wanamsubiri fundi amalize.

Hatimaye nikamwambia. Akabaki ameshika bisibisi.

"Ulijua tangu dukani?"

Nikasema nilijua.

"Sawa, Vero."

Angenitukana ningepumua.

Ijumaa, 14 Machi

Amefungwa. Na dereva wa bodaboda ambaye hata padi anaishika vibaya. Jamaa kamzunguka kwa nyuma, Magesa kageukia upande asiokuwepo. Watu wakapiga kelele wakarukaruka. Siwalaumu, wamesubiri siku hiyo muda mrefu.

Akatoa hela, akainuka. Hakujua benchi liko wapi, maana hajawahi kulihitaji. Akajigonga goti kwenye pembe ya meza. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa atautoa.

Zamu yake ikafika tena, akafungwa tena. Ikawa hivyo mpaka jioni.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nimemnunulia hedifoni. Muuzaji alisema ukizichomeka kwenye padi, sauti za mbele, nyuma na pembeni zote zinasikika humo. Kweli kabisa. Magesa alivaa, akacheza, akaanza kushinda. Nilishukuru kwa sauti.

Kisha mtu akamgusa bega, anampa soda tu. Magesa akaruka kama aliyekanyaga moto. Soda ikamwagika, watu wakacheka. Akazivua, akanirudishia mkononi.

"Macho yamekwenda. Sasa unataka nizibe na masikio, nikae gizani katikati ya watu?"

Nimewachukia waliokaa mahali wakapiga hesabu ya tundu moja. Halafu nimekumbuka kwamba hesabu hiyo hiyo nimeipiga na mimi.

Jumanne, 18 Machi

Nimefanya jambo. Nimemwita Doto nje, nikamwomba aongee na wenzake wamwachie Magesa ashinde. Si kila mara. Mara moja moja tu, ili akae kitini kidogo. Nami nitawaachia wacheze mpira bure.

Doto aliangalia chini. "Shemeji, kaka Magesa sio mtoto."

Nikambembeleza. Nikasema nafanya kwa mapenzi. Akakubali kwa shingo upande. Nimerudi ndani na moyo mwepesi, mjinga mimi.

Jumatano, 19 Machi

Alishinda mchezo wa kwanza. Akashinda wa pili. Nilimwona anatabasamu, nikajisifu moyoni.

Wa tatu alikaa Doto, kwenye TV ya upande wa pili. Katikati ya mchezo Magesa akaacha kubonyeza. Akainamisha kichwa. Sikuelewa anasikiliza nini, kwenye spika hakukuwa na kitu. Watu nao wakanyamaza. Ndipo nikasikia alichokuwa anasikia yeye: padi ya Doto ilikuwa kimya. Hakuna kitufe kinachobonyezwa. Doto kamsimamisha mtu wake uwanjani, anasubiri apigwe.

Magesa hakumpiga. Akaweka padi mezani, taratibu. Akatoa hela mfukoni, akainuka, akaninyooshea. Nikasema hujafungwa. Hakurudisha mkono. Kibanda kizima kinatuangalia. Nikaipokea.

"Kaa, Doto. Kiti chako hiki."

"Kaka, nisamehe."

"Hujakosa wewe."

Doto hakukaa. Akachukua kofia yake, akatoka. Magesa naye akatoka, mkono ukutani. Nimelia nyuma ya pazia, wateja wakiita chenji.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuja kibandani. Hakusema haji. Alibaki nyumbani tu.

Tumefurika mpaka mlangoni. Yule mwenye kibanda kipya kapita kuchungulia, kaondoka kakunja uso. Siku niliyokuwa naiomba ndiyo hii.

Jumatano, 26 Machi

Kliniki ya macho. Foleni ndefu. Daktari kamulika, kaandika, kamulika tena. Jicho la kulia basi. La kushoto limebaki na mwanga, halitambui mtu. Akamuuliza Magesa ameanza kuona tofauti lini.

Magesa kasema hajui, siku hizi hana anachoangalia.

Daktari hakuandika hilo.

Tumerudi nyumbani. Nimempikia sato wa kuchemsha, ule upishi wa kwao. Kala vizuri, hakuacha kitu, na bado ilionekana anakula ili nisijisikie vibaya.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia nitauza mashine moja, ninunue sabufa. Nilishajiandaa kwa maneno yote. Akasema nisiuze. Akasema kwa utulivu kabisa kwamba hata spika zikiwa kumi, sasa hataona wa kumpiga. Zingemfaa mwezi huu unaokwisha.

Mwezi huu unaokwisha. Ndio niliouuza Mirongo.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Sikufungua mapema, barabara yote ni matope na hakuna anayetoka.

Magesa amekaa barazani na redio ndogo, sauti chini. Nimempelekea chai. Akasema asante. Nimemwelekeza koti lilipo. Asante. Nimesogeza ndoo isimguse mguu, akageuka upande wangu kwa adabu, akasema asante.

Tumeoana siku nyingi. Huyu mtu alikuwa akipiga kelele kutoka chumbani, Vero, chumvi iko wapi, Vero, maji yangu, Vero, nani kahamisha koleo zangu. Hakuwahi kunishukuru kwa kikombe cha chai, wala sikuwahi kuona kama amenikosea. Ilikuwa nyumba yake.

Mchana nimempakulia ugali, nikamshika kidole nikakionyesha mboga ilipo.

"Asante sana," akasema. "Nakusumbua."

Nikamjibu, "Karibu."