Mapazia Niliyoogopa Kuyafua

Nyumba ya pembeni,
Nyuma ya karakana ya maseremala,
Tarehe 14, mwezi wa tatu.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi. Hamjambo wote hapo? Shemeji mgongo wake umepoa, au bado anatembea kama aliyebebeshwa gunia? Sisi huku leo tu wazima. Nasema leo, kwa sababu mwezi mzima uliopita hatukuwa wazima, na kila ulipouliza hali nilikujibu salama tu. Nimeshika kalamu tangu asubuhi nikitafuta pa kuanzia, uso unaniwaka kana kwamba umeketi mbele yangu.

Mwanao, Chiriku wako, alikuwa mgonjwa. Sasa anaendelea vizuri, kwa hiyo usishtuke, soma taratibu hadi mwisho.

Unayajua mapazia yangu ya sebuleni, yale ya mahameli ya zambarau yenye bitana nene. Ndiyo tangazo langu. Mteja akija kuagiza, kwanza nampeleka dirishani ayashike. Kisha namhubiria: yakung'ute kila wiki, yafue kila miezi mitatu, toa kulabu zote kwanza, tumia maji ya baridi, usiyakamue, yaanike kivulini. Yangu mwenyewe, Dada, hayajaonja maji tangu niyatundike, na huu ni mwaka wa sita. Niliogopa mahameli itapoteza mng'ao. Nilipangusa upande unaoonekana, basi. Kinyozi hajinyoi, lakini angalau nywele zake hazimuumizi mtu.

Na chini ya dirisha hilo ndipo nilipomtandikia godoro mwanao, uliyeniamini nikae naye asome.

Alianza kukohoa wiki ya pili tangu aje kwangu. Mimi nikasema anadeka, anatafuta njia ya kurudishwa kwako. Nilimwambia hivyo usoni, tena zaidi ya mara moja. Mteja akiwepo, nilimtoa nje, uani, akakohoe huko, watu wasije wakasema nyumba yangu ina ugonjwa.

Nilipompeleka zahanati, daktari aliuliza analala wapi, kisha akauliza mapazia ya hapo yalifuliwa lini. Nikajibu, "Mwezi uliopita." Chiriku akanitazama. Daktari alipomgeukia, akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo, Mama mdogo anafua sana." Mtoto wa miaka tisa, Dada, akaubeba uongo wangu ili nisiaibike. Daktari akaachana na habari ya vumbi la mapazia, akatupa dawa ya mafua. Nami nikarudi naye nyumbani nikamlaza palepale.

Siku kumi baadaye pumzi zilimbana asubuhi, hata midomo ikabadilika rangi. Nilikimbia naye mgongoni, mkubwa vile alivyo. Safari hii nilisema kweli, mbele ya wauguzi wawili. Daktari hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaniambia niyashushe mapazia siku hiyohiyo.

Nilimwacha mtoto kwa jirani yangu muuza maziwa, nikajifunga kitambaa puani, nikapanda juu ya stuli. Vumbi lililoshuka sina la kulisemea. Niliyakung'uta, nikachomoa kulabu hamsini na mbili, nikayaloweka. Maji ya kwanza yalitoka meusi tititi. Kwa maji ya nne ndipo nikaona kitako cha beseni. Na bitana ikasinyaa, maana sikuiloweka kabla ya kushona, kosa ninalowaonya wengine kila siku. Sasa yananing'inia kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Mteja mmoja aliyaona akacheka, akaenda kuagiza kwingine. Nimeyaacha hivyohivyo wayaone.

Chiriku sasa analala chumbani, kitandani kwangu, nami nalala chini. Kifua kimetulia. Mwenyewe anasema anataka kubaki amalize mwaka, lakini simwamini, maana nimeshaona anavyojua kunisitiri. Uamuzi ni wako. Ukisema arudi, nitamleta mwenyewe, uniseme mbele ya watu wote, sitajitetea. Natamani abaki. Ila sistahili kukuomba.

Nisalimie sana shemeji, wifi na watoto wake. Mama msomee barua hii yote, usiruke mstari hata akianza kunilaani. Mungu awape afya na usingizi mwema, na akupe wewe moyo mpana kuliko wangu.

Kabla sijafunga bahasha, kuna jambo moja linaloniuma kupita yote. Jana tukiwa mezani Chiriku alipaliwa na maji. Nikanyoosha mkono nimpigepige mgongoni, kumbe ameshatoka mbio. Alikohoa uani peke yake, akajifuta mdomo, akarudi kuniomba radhi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,
Fundi wa Mapazia